Karatasi Moja na Miguu Miwili

Wiki iliyopita nilikabidhi funguo za chumba cha giza kwa kijana ambaye bado anashika filamu kwa vidole vyenye mafuta ya maandazi. Nilimwambia, akacheka. Basi nimekaa chini kuandika, maana maneno ya mdomo kwenu ninyi wa idara ya eksrei yanaingia sikio hili na kutokea lile. Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara ndiyo kabisa, mtanililia bure. Nitasimulia nilivyoingia kwenye kazi hii, kwa sababu kila mgeni wa idara aliniuliza nilisomea wapi, nami nikamjibu, "Tarime, kwenye ghala la ngozi," akadhani namtania.

Miaka ya hamsini, mimi Wegesa, msichana wa Kingoreme, nilitoka kwetu Ringwani nikaenda Tarime kuwa mhudumu wa wodi ya wanaume. Kazi ilikuwa kufagia, kumwaga vyombo na kuchemsha bendeji. Siku ya kwanza nilivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, kwa ile baridi ya kule, na muuguzi mkubwa akaniuliza kama nimehama na kabati. Kikurya cha wagonjwa nilikielewa vizuri, ni jirani na lugha yetu. Kiswahili changu kilitosha kununulia chumvi tu.

Aliyenishika mkono ni Mzee Otieno, mtoa dawa wa hospitali, Mjaluo wa upande wa Shirati. Alikuwa mrefu, mwenye kofia isiyovuliwa hata ndani, na alinusa kila chupa kabla ya kuigawa. Mimi aliniita "nyathina", yaani mwanangu kwa lugha yao, hata nilipomkosea. Kila Jumamosi mchana alivua koti jeupe akaenda kwenye ghala la zamani la ngozi karibu na soko, na huko ndiko kulikuwa na Chama cha Wapenda Picha. Wanachama walikuwa wanane, wanaume watupu: makarani, walimu na fundi cherehani mmoja. Walikuwa na kamera ya chama, kisanduku cheusi chenye jicho moja, na hamu ya kubishana isiyo na dawa.

Mimi niliingia chama kwa sababu ya uchafu. Siku moja Mzee Otieno alinionyesha picha ya mkewe, uso mzima una madoa.

"Pole, Mzee," nikamwambia. "Mama amepata ndui?"

"Ndui gani! Ni maji ya kuoshea picha. Yana udongo."

Nikamwambia wodini tunachemsha maji, tunayachuja kwa pamba na kitambaa, kisha tunayaacha yatulie. Mtu akishindwa kusafisha maji atasafisha nini? Jumamosi iliyofuata nilikwenda na ndoo yangu na furushi la pamba. Tangu siku hiyo picha za Tarime zikawa na ngozi safi, na wake za wanachama wakaanza kunisalimia sokoni.

Nibaki hapo kidogo kwenye mashindano yao, maana bado yananichekesha. Kila mwezi walitoa mada: mnyama, maji, mtu na kazi yake. Mwezi wa mnyama, wanachama watano walileta fahali yule yule wa chifu, na kila mmoja akaapa wenzake wamemwibia wazo. Picha zilipangwa mezani, mbele ya kila moja kikombe, na kila mwanachama akatumbukiza punje moja ya harage kwenye kikombe cha picha aliyoipenda. Vikombe vinane, maharage nane, na kila mwezi kila kikombe kilikuwa na harage moja. Wanaume wale hawakuwahi kumpigia mwingine kura hata siku moja! Washindi walikuwa wanane mwaka mzima, wakipongezana kwa unyonge. Nilipoandikishwa mwanachama wa tisa, harage langu ndilo likawa mwamuzi. Ghafla nikawa napigiwa hodi na kubebewa ndoo. Hata Bwana Mwita, mwenyekiti wetu, karani wa baraza aliyekuwa haitikii salamu ya mhudumu, alianza kuniuliza nyumbani hawajambo.

Bwana Mwita alikuwa na fundisho moja, akalisema kila mkutano: "Sogea karibu! Uso ndio mtu. Mengine ni nguo na vumbi." Alilisoma kwenye gazeti, nasi tukalimeza zima zima.

Mzee Otieno yeye alinifundisha giza. Umeme haukuwepo. Mashine ya kukuzia picha aliiunda mwenyewe kwa kamera iliyokufa na sanduku la chai, akaisimamisha ukutani mbele ya tundu, ili mwanga wa jua upite kwenye negativu na kuangukia karatasi iliyobanwa kwenye ubao. Wingu likipita, mahesabu yote yanakwenda na maji. Mwanzoni nilihesabu sekunde kwa mapigo ya mkono wangu, kama nilivyoona wauguzi wakifanya, na picha zikawa nyeusi leo na nyeupe kesho.

"Usihesabu kwa moyo, nyathina," akaniambia. "Moyo ukiogopa unakimbia."

Akanining'inizia jiwe kwenye uzi mrefu, kutoka msumari wa usawa wa bega mpaka usawa wa goti. Likienda ni sekunde, likirudi ni sekunde. Akanifundisha pia kukata karatasi moja vipande vitano vyembamba, kuviangazia kila kimoja kwa muda wake, na kuandika nyuma kwa penseli: sekunde ngapi, jua la namna gani, dawa ya lini. "Usipoandika," alisema, "kesho utajifunza upya ulichokijua jana." Ninyi mnaojaribu kwa kubahatisha na kutupa filamu nzima kwenye pipa, someni sentensi hiyo mara mbili.

Sasa nije kwenye mwezi wenyewe. Masika ile wahudumu wa wodi walipunguzwa, na mimi nikaambiwa kazi yangu inaisha mwisho wa mwezi. Kurudi Ringwani hakukuwa kubaya, ni kwetu, lakini baba alikuwa ameshazungumza na mchumba, mtu wa heshima mwenye wake wawili na kikohozi. Nilikosa usingizi. Ndipo Daktari, Mzungu mfupi aliyekuwa akija ghalani mara moja moja kutazama picha, alipotuambia kwamba hospitali ya Musoma imepata mashine ya eksrei na inatafuta mtu mwenye mkono wa chumba cha giza. Yeye ameombwa kumpendekeza mmoja. "Nitatazama mashindano," alisema. "Kazi nitaiona pale."

Yalikuwa mashindano makubwa, si ya maharage. Mwalimu mmoja kutoka Musoma alikuja kuwa mwamuzi, Jumamosi saa nane, kwenye ukumbi wa baraza. Mada: uso wa mtu. Sharti: picha moja kwa mtu, karatasi kubwa nzima isiyokatwa. Na karatasi zilikuwa hazipo. Mvua ilikuwa imechelewesha mizigo, pakiti ya mwisho iligawiwa, kila mwanachama karatasi mbili: moja ya kukata vipande vya kujaribia, moja ya mashindano. Basi.

Mimi uso wangu nilikuwa nao. Wodini alilazwa Mzee Nyamhanga wa Nyamongo, mwenye donda ndugu mguu wa kushoto, mwezi wa nne sasa. Alipoletwa, Daktari alisema mguu huenda ukakatwa. Haukukatwa. Nilimbadilishia bendeji mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka nyama nyekundu ikaanza kufunga. Uso wake, jamani! Mikunjo ilikuwa imejipanga kama shamba lililolimwa na ng'ombe waliofundishwa. Nilipomwomba kumpiga picha alikubali mbio, nikashangaa. Alitoka barazani kwa fimbo, akasimama wima, akakunja suruali mpaka magotini, miguu yote miwili wazi.

"Tayari," akasema. "Piga."

Mimi nikajisemea, mzee ana madaha. Sikumuuliza kwa nini anakunja suruali. Hilo ndilo kosa langu, na nalisema wazi. Nilimpiga akiwa mzima, kwa kuwa kisanduku chetu kilikuwa hakioni vizuri karibu, nikijua nitakuza uso peke yake na kuacha mengine nje. Uso ndio mtu.

Alhamisi nilikata karatasi ya kwanza vipande vitano, nikajaribia uso, nikaandika nyuma mambo yote. Kipande cha tatu kilitoka kizuri mpaka nikacheka peke yangu gizani. Vilipokauka nikavipeleka wodini kumwonyesha mwenyewe. Dada yake, Nyangi, aliyekuja kutoka Nyamongo kumletea ugali wa wimbi, alikuwa ameketi chini pembeni ya kitanda.

Mzee Nyamhanga alikigeuza kipande, akakigeuza tena. Akatazama chini yake, kana kwamba kilichobaki kimeanguka sakafuni.

"Miguu yangu iko wapi?"

"Hii ni ya uso, Tata," nikamwambia, yaani baba kwa lugha yao. "Ndiyo nzuri."

"Daktari ameacha kukata," akasema, na sauti ikajaa wodi nzima, "halafu wewe umekata!"

Wagonjwa wote wakainua vichwa. Mimi sikuelewa. Nyangi ndiye aliyenieleza, mikono kiunoni. Kule Nyamongo ilisemekana ndugu yao amekatwa mguu. Watu waliopita kumsalimu walimwona chini ya blanketi, wakaenda na habari yao. Mdogo wake, Chacha, akaanza kusema kwamba mtu wa mguu mmoja hawezi kufuata ng'ombe wala kusimamia boma, na Jumatatu wazee wangeketi kumkabidhi yeye boma na mifugo. Nyangi aliapa mbele yao kwamba miguu ipo, wakamwambia mwanamke hutetea tumbo alilotoka. Mgonjwa mwenyewe hawezi kutembea njia yote ile kabla kidonda hakijafunga. Ilibaki picha.

"Kwa nini hukuniambia, Tata?" nikamuuliza.

"Mtu akikunja suruali mbele ya kamera, aambiwe nini tena?"

Nikavirudisha vile vipande mfukoni.

Nyangi alikuwa anaondoka Jumamosi asubuhi na watu wa sokoni. Mashindano yalikuwa mchana wa siku hiyo hiyo. Nami nilikuwa na karatasi moja. Niliwaendea wanachama mmoja mmoja kuomba hata kipande. Fundi cherehani alinionea huruma, lakini yake alikuwa ameshaitumia. Bwana Mwita alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Binti, mashindano ni ya uso," akarudi kwenye faili lake. Nilimshauri Nyangi nikate karatasi ile, nimpe picha ndogo, nami nimwombe mwamuzi anivumilie kwa kilichobaki.

"Ndogo ya nini?" akasema. "Wazee wa kule wana macho ya kutazama ng'ombe ng'ambo ya mto, si ya kutazama vijipicha. Chacha atasema ni fimbo, si mguu."

Nikatoa wazo jingine la kipumbavu: nikate karatasi vipande viwili, nusu moja ya mashindano na nusu ya pili ya miguu, kisha hiyo ya miguu niigundishe kwa ugali chini ya kimoja cha vile vipande vya uso. Mzee Nyamhanga alifumba macho kwa uchungu. "Mguu wa kugundishwa! Watasema Daktari amenishonea wa mbuzi."

Ijumaa adhuhuri niliingia ghalani. Mzee Otieno alikuwa akikoroga dawa. Nilimweleza yote, nikangoja aniambie la kufanya. Akanusa chupa.

"Karatasi ni yako, nyathina."

"Nikiitoa, Jumatatu nafunga mzigo kwenda Ringwani."

"Najua."

"Mzee, nisaidie basi!"

"Nikikuamulia, utanilaumu mimi maisha yako yote, na mimi nina watu wa kutosha wa kunilaumu."

Niliwasha taa ya mafuta yenye kioo chekundu, nikafunga mlango. Nikausogeza ubao mbali na mashine, uso wa mzee ukajaa ubao mzima, mzuri kupita kiasi. Nikasimama pale nikiutazama. Nilimwona yule mchumba na kikohozi chake, niliona Musoma, niliona ziwa ambalo sijawahi kuliona. Nikalia kidogo, kwa hasira zaidi ya huzuni. Mtu amesimama wima kwa kidonda kibichi, amekunja suruali, ananionyesha kitu, nami namwambia kitu chake ni vumbi? Nikausogeza ubao karibu. Uso ukawa mdogo, mabega yakaingia, kiuno, magoti, na mwisho miguu miwili juu ya saruji ya baraza, mmoja na bendeji niliyoifunga mimi.

Kipande cha kujaribia sikuwa nacho. Ubao ukikaribia mwanga unakuwa mkali, kwa hiyo muda lazima upungue. Nilisoma maandishi yangu nyuma ya vile vipande vitano, nikapiga hesabu ukutani kwa mkaa: sekunde tisa. Nikaziba tundu, nikabana karatasi ubaoni, nikafungua na kusukuma jiwe. Kwenye sita wingu likaingia, nikaona ubao unafifia. Nikaziba tundu kwa mkono, nikangoja wingu lipite, nikafungua tena, nikamalizia tatu. Nikaitumbukiza karatasi kwenye dawa. Vya kwanza kutokea vilikuwa vidole vya miguu. Nilipiga kelele mpaka Mzee Otieno akagonga mlango akidhani nimekunywa dawa.

Jumamosi alfajiri Nyangi aliibeba kichwani katikati ya mbao mbili, imefungwa kwa kanga, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Mchana nilikwenda ukumbini mikono mitupu, kisha nikaona aibu kuacha nafasi yangu wazi. Nikachukua vile vipande vitano vya uso, kuanzia cheupe hadi cheusi, nikavibana kwenye boksi kwa pini za fundi cherehani. Bwana Mwita alipoviona alicheka mpaka miwani ikateleza. "Mzee wako anaungua taratibu," alisema. Mwamuzi alisimama mbele yangu kwa muda mfupi tu. Hii si picha, akasema kwa upole, hili ni jaribio, akaandika sifuri. Picha ya Bwana Mwita ilishinda, ya Bwana Mwita mwenyewe akijitazama kwenye kioo, na sikatai, ilikuwa nzuri.

Nilikuwa nachomoa pini niondoke, Daktari akaja. Akashika kipande kimoja kabla sijakitia mfukoni, akakigeuza, akasoma kwa sauti.

"Sekunde kumi na mbili. Jua kali, hakuna wingu. Dawa ya jana." Akageuza cha pili. "Sekunde kumi na sita. Jua lile lile." Akavigeuza vyote. "Nani ameandika?"

"Mimi."

"Na karatasi yako nzuri iko wapi?"

"Imekwenda Nyamongo kuonyesha miguu, Daktari."

Nikamweleza. Alicheka kwa sauti, akafuta macho. Kisha akasema wagonjwa wa Musoma hawatajali picha nzuri, wanataka mtu anayejua alichofanya jana. Akaniuliza kama nitaogopa kupanda lori. Nikamwambia nitapanda hata punda.

Nyangi alirudi baada ya wiki. Wazee waliipitisha picha mkono kwa mkono. Chacha aliigeuza kutazama mgongo wake, kisha akadai mguu wa kushoto si wa ndugu yake. Ndipo mama yao, mkongwe asiyetoka nje, akaletewa ile picha, akaisogeza puani. "Kidole hiki kilichopinda," alisema, "nilikifunga mimi kwa kamba ya katani, alipokanyagwa na ndama. Chacha, kaa chini!" Chacha akakaa. Boma likamngoja mwenyewe arudi.

Vijana wangu, ndiyo maana nilikuwa nawagombeza mlipomleta mtu aliyevunjika paja na filamu inaishia katikati ya mfupa. Mliniita mama mkali. Mwulizeni mgonjwa anataka kuona nini kabla hamjamwambia akae vipi. Halafu mchukue kiungo cha juu na kiungo cha chini ya mfupa uliovunjika.

Asubuhi ya kuondoka kwangu, Mzee Nyamhanga alikuwa ameruhusiwa. Alikuja ghalani mwenyewe, kwa fimbo, polepole, suruali imeshushwa mpaka kwenye viatu. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye gogo, akaweka fimbo chini na kunyoosha kola.

"Sasa piga ile ya kwako," akasema. "Uso tu. Sogea unavyotaka."

Lori lilikuwa linapiga honi sokoni. Kwenye kamera ya chama ilibaki nafasi moja ya filamu, na Mzee Otieno akanikabidhi kisanduku. Nilisogea nilivyoweza, machozi yananizuia kuona. Mzee Nyamhanga akatulia kama mlima, akaniangalia kwa upole ambao sijauona tena kwa mgonjwa yeyote, nami nikabonyeza.

Sekunde ile ile naye akafumba macho, na filamu ilikuwa imekwisha.